Bomba la Nusu Inchi Lililogeuka Februari Mosi

Shangazi yangu ana duka la vifaa vya ujenzi Kibamba, pembezoni mwa Barabara ya Morogoro. Huku kila mtu anajenga. Ukishuka daladala asubuhi unapokewa na lundo la tofali, lori la mchanga na fundi aliyekalia ndoo akisubiri simu ya bosi. Biashara ipo. Lakini jioni moja, daftari tatu zikiwa wazi juu ya kaunta, la mauzo, la manunuzi na la madeni, aliniuliza swali ambalo wenye maduka wengi huliuliza kwa sauti ya chini: "Baba, mwaka huu nimeuza kuliko mwaka jana. Sasa hela iko wapi?"

Jibu lilikuwa mle mle dukani, ila limetawanyika. Kipande kiko kwenye mauzo, kipande kwenye madeni, kingine kwenye miamala ya simu, kingine kwenye risiti za EFD, ile mashine ya kodi. Hakuna daftari hata moja linalolijua lote. Kazi iliyobaki ni kuvikutanisha vipande hivyo, na kazi hiyo ndiyo inayouzwa siku hizi kwa majina mengi: mfumo, dashibodi, programu ya uchambuzi. Kijana mmoja kutoka mjini alishapita na bei yake. Shangazi aliisikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akamkaribisha soda.

Nikamwambia tusinunue chochote kwanza. Nikafungua laptopu yangu, tukaingiza orodha ya bidhaa na mauzo ya mwezi mmoja, kisha jedwali la bei za kununulia. Nikayaunganisha mawili, nikatoa ripoti kwa majivuno ya mtu aliyesoma. Shangazi akaisoma hadi katikati, akacheka. "Inasema sijauza bomba la nusu inchi hata moja." Bomba la nusu inchi ndilo analouza kila siku ya Mungu.

Kosa lilikuwa langu. Daftarini alikuwa ameandika 1/2, nami nikaandika hivyo hivyo. Programu ikaona 1/2, ikadhani ni tarehe, ikaigeuza kuwa Februari mosi. Robo tatu, yaani 3/4, ikawa tarehe 3 Aprili. Kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Kimarekani, unaotanguliza mwezi, ingeifanya tarehe 4 Machi. Jedwali la manunuzi, kwa upande wake, lilikuwa limeandikwa "nusu" kwa maneno. Februari mosi na "nusu" havikukutana, na programu haikupiga kelele. Iliacha nafasi tupu, na tupu ikajumlishwa kama sifuri.

Tangu jioni ile sichagui tena programu kwa uzuri wa michoro yake. Kabla ya kuuliza bei nauliza hivi: mistari isipokutana, hii programu inafanya nini, na je, itaniambia?

Tuelewane kwanza maneno. Majedwali hukutanishwa kwa njia mbili, na wauzaji wengi huzichanganya. Njia ya kwanza ni kurundika: mauzo ya Januari juu, ya Februari chini yake, ya Machi chini zaidi. Safu ni zilezile, mistari inaongezeka. Njia ya pili ni kuoanisha: jedwali la mauzo linasimama ubavuni mwa jedwali la bei, na kila mstari unatafuta mwenzake kwa kutumia kitu wanachofanana, kama namba ya bidhaa au namba ya ankara. Kitu hicho huitwa ufunguo.

Kurundika kunaonekana rahisi, na mara nyingi ni rahisi kweli. Mtego wake ni majina. Novemba 2024 Tigo ilibadilika kuwa Yas, na Tigo Pesa ikaitwa Mixx by Yas. Kwa mteja wa shangazi hakuna kilichobadilika, namba ni ileile na salio lilelile. Kwenye rundo la miezi kumi na mbili, hata hivyo, zilizaliwa njia mbili za malipo: moja iliyokata roho ghafla na nyingine iliyoanza kwa kishindo. Mchambuzi asiyeishi hapa angeandika aya nzima kuhusu wateja waliohama mtandao. Dawa yake ni jedwali dogo la mistari miwili linalosema kwamba hili na lile ni kitu kimoja, na hakuna programu itakayokuandikia jedwali hilo.

Kuoanisha ndiko kunakokula hela. Chukua mfano mmoja, uuangalie kwa karibu. Mteja amechukua nondo na saruji za shilingi 600,000 kwa mkopo. Analipa mara tatu, 200,000 kila mara. Jedwali la mauzo lina mstari mmoja wa ankara hiyo. Jedwali la malipo lina mitatu. Ukiyaoanisha kwa namba ya ankara, ule mstari mmoja wa mauzo unajirudia mara tatu ili kila malipo yapate mwenzake. Jumlisha safu ya mauzo: 1,800,000. Shangazi ametajirika akiwa amelala.

Sasa fanya kazi hiyohiyo kwa VLOOKUP, ile fomula ya Excel ambayo kila aliyewahi kupita kozi ya kompyuta anaijua. VLOOKUP haijirudii. Inakwenda kwenye jedwali la malipo, inakamata mstari wa kwanza inaoukuta, inarudi nao. Itakuletea 200,000 na kuyaacha malipo mengine mawili kimya. Kwa hesabu hiyo, mteja aliyemaliza deni lake anadaiwa 400,000. Data ileile, duka lilelile: njia moja inasema umeuza 1,800,000, nyingine inakutuma ukagombane na mteja mwema. Na zote mbili zimefanya sawasawa na kanuni zake. Kinachotakiwa ni kujumlisha malipo ya kila ankara kwanza, ndipo uoanishe mstari mmoja kwa mmoja. Hiyo ni hatua ya dakika tano ambayo haipo kwenye tangazo lolote.

Kwa hiyo nilipoketi kulinganisha bei, nilizilinganisha programu kwa mfano huu wa 600,000 na kwa lile bomba la nusu inchi. Bei zilizotangazwa kwa dola nimezikadiria kwa shilingi 2,500 kwa dola moja ili hesabu iwe nyepesi. Wewe utaangalia bei ya siku yako, na uweke akiba ya kodi na makato ya benki juu yake.

Cha bure kabisa ni LibreOffice. Inafanya kazi bila intaneti, na gharama yake ya kuanzia ni bando la kuipakua, kama MB 350. VLOOKUP imo, na tangu toleo la 24.8 la mwaka 2024 imo pia XLOOKUP, ambayo ina heshima zaidi: usipoielekeza vingine inatafuta kinacholingana kabisa, wakati VLOOKUP usipoiambia itakubali cha kukaribiana, na "cha kukaribiana" kwenye bei za nondo ni hasara. Udhaifu wa LibreOffice ni kwamba haina chombo kizuri cha kuoanisha majedwali kwa hatua unazoweza kuzirudia mwezi ujao. Kila mwezi unabandika fomula upya, na kila kubandika ni nafasi ya kukosea.

Excel inacho chombo hicho, na watu wengi wanacho kwenye kompyuta zao bila kujua. Kinaitwa Power Query, kimo ndani ya Excel tangu toleo la 2016, kwenye kichupo cha data. Unakionyesha folda yenye mafaili ya kila mwezi, kinayarundika. Unakionyesha majedwali mawili na ufunguo, kinayaoanisha kwa namna sita tofauti unazochagua mwenyewe: bakisha yote ya kushoto, bakisha yaliyokutana tu, au, namna ninayoipenda kuliko zote, nipe yale tu ambayo hayakupata mwenzake. Na kabla hujabonyeza sawa, chini ya dirisha kinaandika mistari mingapi imekutana kati ya mingapi. Mstari huo mmoja wa maandishi ungeniokoa na kicheko cha shangazi. Mwezi ujao unaweka faili jipya kwenye folda, unabonyeza kuhuisha, hatua zote zinajirudia zenyewe.

Kina ukorofi wake. Kinatofautisha herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo "Twiga 42.5" na "TWIGA 42.5" kwake ni mifuko miwili tofauti ya saruji, wakati VLOOKUP huiona mmoja. Ukihama kutoka fomula kwenda Power Query, usishangae idadi ya waliokutana ikishuka.

Bei ya Excel inategemea mlango unaoingilia. Microsoft 365 Personal, ya kulipia kila mwaka, kwa bei ya Marekani ni karibu dola 100 tangu Januari 2025, kama shilingi 250,000, lakini leseni hiyo ni ya matumizi binafsi, siyo ya duka. Office Home & Business 2024 inaruhusiwa kwenye biashara na hulipiwa mara moja, karibu dola 250, kama 625,000. Miaka miwili na nusu ya ule mlango wa kwanza inalipa huu wa pili, na huu hauzimwi kadi ya benki ikiishiwa. Mlango wa tatu mnaujua: laptopu ya mtumba ya Kariakoo iliyowekewa kila kitu, bei ikiwa ndani. Office ya kuchakachua. Mbali ya suala la sheria, anayeipasua kufuli ya programu hukuachia mlango wazi, na siku virusi vikifunga mafaili yako vitafunga na daftari la madeni. Kama hela ya leseni haipo, afadhali LibreOffice halali kuliko Excel ya wizi.

Nao ukubwa? Jedwali la Excel huishia mstari wa 1,048,576, na duka la Kibamba halitafika huko hata likirithiwa na wajukuu. Ila faili la mtindo wa zamani, lenye mkia wa .xls, huishia 65,536. Mwaka 2020 Uingereza iliacha majibu 15,841 ya wagonjwa wa Korona nje ya hesabu yake ya kila siku kwa sababu matokeo ya maabara yalikuwa yakipakiwa kwenye faili za mtindo huo, zikajaa, mistari iliyozidi ikadondoka. Serikali yenye fedha zake zote. Ukiona mkia wa .xls, hifadhi upya kwa .xlsx kabla ya kufanya lolote.

Google Sheets ni bure ukiwa na akaunti ya Google, na ina faida moja kubwa kwa duka: kijana wa kaunta anaingiza mauzo kwa simu, na shangazi akiwa Kibaha kufuata mzigo anayaona yakiingia. Umeme ukikatika hakuna kinachopotea. Mwisho wake ni seli milioni 10 kwa faili, ambazo ni nyingi. Gharama yake ni bando, kila siku, na bando la duka huisha pale mjukuu anapokuja kuangalia katuni. Kuoanisha kunafanywa kwa fomula zilezile, na magonjwa yake ni yaleyale ya mstari wa kwanza tu.

Hapo ndipo watu huambiwa kwamba sasa wakue, wanunue programu ya uchambuzi yenyewe. Nami nasema pole pole. Power BI Desktop ya Microsoft ni bure kuitumia kwenye kompyuta yako mwenyewe, mradi iwe ya Windows. Unaanza kulipa ukitaka kuwashirikisha wengine ripoti kwenye mtandao kwa utaratibu wake: dola 14 kwa mwezi kwa kila mtu tangu Aprili 2025, yaani dola 168 kwa mwaka, kama shilingi 420,000 kwa kichwa. Watu wawili, 840,000. Ndani yake mna Power Query ileile, pamoja na jambo ambalo fomula hazina: majedwali huachwa yakiwa mbalimbali na kuunganishwa kwa uzi tu. Ile ankara ya 600,000 inabaki mstari mmoja upande wake, malipo matatu yanabaki upande wao, na kila jumla inahesabiwa kwake. 1,800,000 haitokei. Malipo yasiyo na ankara yanajikusanya kwenye mstari mtupu ndani ya ripoti. Mgeni huuona mstari huo kama uchafu, akauficha. Usiufiche. Huo ndio mstari wa thamani kuliko yote, kwa sababu humo ndimo zilimo pesa zilizoingia bila kujulikana zimelipia nini.

Tableau inafanya mambo yanayofanana, na tangu 2020 nayo inajua kuyaacha majedwali mbalimbali. Leseni ya mtengenezaji ripoti inatangazwa kwa dola 75 kwa mwezi, ikilipwa kwa mwaka: dola 900, shilingi 2,250,000. Kuna ya bure iitwayo Tableau Public, na hapo nitamkamata mtu mkono. Unachokichapisha huko kinaonekana na dunia nzima. Jedwali la madeni lina majina na namba za simu za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inakuhusu hata wewe mwenye duka, na hata bila sheria, kumtangaza mteja kwamba anadaiwa mifuko kumi ya saruji ni kujifungia duka mwenyewe. Tableau Public inafaa kwa data ya sensa na mvua.

Qlik, iliyozaliwa Sweden mwaka 1993, ina tabia ya pekee ambayo aliyezoea fomula ataiona kama uchawi. Ukipakia majedwali mawili yenye safu yenye jina moja, inayaunganisha yenyewe kwa safu hiyo. Ukipakia mafaili mawili yenye safu zilezile kabisa, inayarundika yenyewe bila kuuliza. Kwa aliyepanga majina yake vizuri ni raha tupu. Kwa daftari zetu ni ajali inayosubiri dereva: mauzo yana safu ya "Tarehe", manunuzi yana "Tarehe", na programu inahitimisha kwamba bidhaa iliyouzwa Jumanne ina undugu na lori lililoshusha Jumanne. Safu zinazofanana zikiwa mbili au zaidi, inatunga jedwali la kati la kuzishikanisha, na mgeni hajui limetoka wapi. Kabla ya kupakia, badilisha majina: "Tarehe ya kuuza", "Tarehe ya kununua". Isitoshe, Qlik hulenga zaidi mashirika, siyo duka la mtu mmoja.

Upande mwingine wa barabara wako wanaoandika msimbo: R, Python, SQLite. Zote bure, zote nyepesi kwa laptopu ya mtumba, zote hazijui kwikwi kwa data ya ukubwa wa duka. Hapa inabidi ujue tabia ya kila moja isipoelekezwa. Pandas, maktaba ya Python ambayo vijana wengi wa vyuo wanaitumia, ukiiambia ioanishe bila maelezo zaidi, hubakisha waliokutana tu, wengine hutoweka pande zote mbili bila neno. Ila unaweza kuiamuru ihakikishe kwamba kila ankara ina mstari mmoja tu, na ikikuta miwili inagoma kazi. R, kwenye maktaba ya dplyr, tangu 2023 hutoa onyo pale mistari mingi inapokutana na mingi. Programu inayogoma ni mali. Gharama yake iko kwa mtu: nani ataandika, na akipata kazi Dodoma nani atasoma alichokiandika? Nimeona ofisi ambayo ripoti yake ya mwezi ilikuwa inajulikana na kijana mmoja tu, na kijana huyo akaolea mkoani.

Nimesema sana juu ya duka. Lakini Kibamba yenyewe, kama mahali, ni somo la kuoanisha ambalo hakuna leseni ingelitatua, na namba zake ziko wazi kwa kila mtu.

Sensa ya 2012 ilihesabu Dar es Salaam kwa wilaya tatu. Kinondoni watu 1,775,049, Temeke 1,368,881, Ilala 1,220,611. Kibamba ilikuwa Kinondoni. Baadaye Ubungo ikamegwa kutoka Kinondoni na Kigamboni ikamegwa kutoka Temeke, na Sensa ya 2022 ikahesabu wilaya tano: Ilala 1,649,912, Temeke 1,346,674, Ubungo 1,086,912, Kinondoni 982,328 na Kigamboni 317,902. Kibamba sasa ni Ubungo. Haikuhama hata hatua moja, mwembe uliokuwepo upo, ila kwenye jedwali imehama wilaya.

Chukua majedwali hayo mawili, uyaoanishe kwa jina la wilaya, ubakishe waliokutana tu. Yatakutana majina matatu. Ripoti yako itasema Kinondoni imepoteza watu 792,721 katika miaka kumi, na Temeke imepungua watu 22,207. Ubungo na Kigamboni, zenye watu 1,404,814, hazimo kabisa, kwa kuwa 2012 hazikuwepo. Jumlisha kilichobaki na utatangaza kwamba Dar es Salaam imepungua watu 385,627. Ukweli ni kwamba mkoa uliongezeka watu 1,019,187, na anayepanga foleni ya Kimara asubuhi hahitaji jedwali kulijua hilo. Mchoro wa Tableau wa dola 900 ungelionyesha kosa hili kwa rangi za kupendeza. LibreOffice ingelionyesha bure. Zote zingekosea sawasawa.

Tiba ni jedwali la tatu, la daraja, mistari mitano tu: Ubungo ilikuwa Kinondoni, Kigamboni ilikuwa Temeke, zilizobaki zilikuwa zilivyo. Lipitishe katikati, na Kinondoni ya zamani inasimama tena na watu 2,069,240, Temeke ya zamani 1,664,576. Kulitengeneza kunataka mtu anayejua kwamba Kibamba iliwahi kuwa Kinondoni. Maarifa hayo yamo kichwani mwa kila mzee wa mtaa, na hayauzwi kwa mwezi. Wenzetu wa afya walilielewa mapema: kituo hutambuliwa kwa namba yake kwenye rejesta ya taifa, kwa sababu vituo vyenye jina moja ni vingi, na jina la zahanati laweza kuandikwa kwa namna nne katika vitabu vinne vya MTUHA, vile vya kumbukumbu za huduma za afya.

Basi kama unaniuliza ununue nini, jibu langu linategemea nani anaingiza data na wangapi wanasoma ripoti. Mwenye duka mmoja na daftari zake: usilipe kitu mwaka wa kwanza. Google Sheets kwa kuingiza kama bando lipo, LibreOffice kama halipo. Ukishakuwa na miezi sita ya data iliyonyooka, ndipo Excel halali ya kulipia mara moja inaanza kujilipa, kwa ajili ya Power Query peke yake. Mengine yote ni ziada. Duka lenye matawi, Kibamba na Kibaha tuseme, au SACCOS yenye karani watatu, lianze na Power BI Desktop bila kulipa, likague mstari wake mtupu kwa miezi mitatu, na leseni za kila mwezi zije siku mtu wa pili anapohitaji ripoti bila kuja ofisini. Tableau na Qlik ni nzuri, lakini kwa ukubwa wa biashara zetu za huku sioni zinachokupa ambacho hiyo ya bure haikupi. Atakayekuletea bei yake, mpe mfano wa ankara ya 600,000 na malipo matatu, umwombe auingize mbele yako. Akitoa 1,800,000, umkaribishe soda.

Na kabla ya programu yoyote kuna gharama ambayo kila mtu huisahau kwenye bajeti: siku za kutengeneza ufunguo. Sisi zilituchukua Jumapili tatu, baada ya ibada. Tulipanga orodha moja ya bidhaa, kila moja na namba yake. Bomba la nusu inchi likawa BM05, la robo tatu BM07, maneno na sehemu tukayaacha kwenye safu ya maelezo ambako hayaoanishwi na mtu. Safu ya namba za simu tukaipangia iwe maandishi tangu mwanzo, maana programu ikiona 0754 inaona hesabu, inameza sifuri ya mbele, na mteja aliyesajiliwa kwa 255 upande wa pili hakutani naye tena. Tukazigeuza zote zianze na 255. Namba ya ankara ikawa inaandikwa kwenye ujumbe wa kila malipo ya simu. Hapo kijana wa kaunta alilalamika wiki nzima.

Jumapili ya nne nikaoanisha malipo ya mwezi na ankara. Chini ya dirisha pakatokea: 214 kati ya 230 zimekutana. Nikazitoa zile 16 peke yake, nikazichapa kwenye steshenari ya jirani, shilingi chache kwa karatasi moja, nikampelekea.

Shangazi akavaa miwani, akachukua kalamu. "Hii 255 inayoishia 41 ni ya mke wa fundi wa Hondogo, mume hana simu tangu ilipoibiwa. Andika ankara ya mabati." Mstari wa pili. "Huyu amelipia misumari ya jirani yake, walikuja pamoja." Mstari wa tatu alinyamaza, akasogeza karatasi karibu na taa. "Hii laki mbili na nusu," akasema, "huyu mimi simdai. Mpigie simu, muulize ametuma kwa nani."